Bodi ya Shubiri Moja na Vipaza Sauti vya Namatala

Nyinyi mliobaki dukani mmenitaka niandike kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sababu moja tu: kuandika kunafanyika nyumbani. Mnanijua. Mimi ni mtu wa Mafubira, pembeni mwa Jinja, na ningepewa uchaguzi ningezaliwa, ningefanya kazi na ningestaafu katika kiti kimoja, karibu na dirisha, chai ikiwa upande wa kulia. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo havikuwepo, na mishahara mnaijua, kwa hiyo hamtapoteza kitu.

Kiswahili changu msikicheke sana. Baba alikuwa polisi, nikakulia kambini, na lugha hii ndiyo iliyonigombeza na ndiyo iliyonibembeleza. Hadi leo jirani zangu Wasoga wakinisikia nikikisema hutupa jicho nyuma yangu, waone kama kuna lori la jeshi linafuata, maana kwao ni lugha ya askari.

Nilianza kazi kwa Bwana Harjit, yule Kalasinga mliyemkuta akiwa mzee wa kukaa mlangoni na kusalimia watu. Wakati wangu hakuwa wa kukaa. Alikuwa ametoka kwenye vyerehani, akaenda kwenye redio, akaingia kwenye kompyuta, na kila alikopita aliondoka na bisibisi moja. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona msomi. Siku ya kwanza akanipa kasha tupu la bati na bodi mpya, ubao ule mkubwa unaobeba moyo wote wa kompyuta, akaniambia nifunge. Nikafunga. Nikakaza skrubu zote kwa nguvu za kijana anayetazamwa na bosi. Ila sikuweka vile vijiti vifupi vya shaba vinavyoinua bodi isiguse bati, kwa sababu nilidhani vimebaki kutoka kwenye kazi ya mtu mwingine. Nilipowasha ilitoa cheche moja, ikanyamaza.

Bwana Harjit aliinama akanusa. "Isabirye," akasema, "wewe nalaza mtoto juu ya jiko?"

"Hapana, bwana."

"Basi toa mtoto. Amekwisha kuiva."

Bodi ile aliitundika ukutani juu ya meza yangu, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Mteja akiuliza ni nini, Bwana Harjit alimjibu, "Hiyo ni sadaka ya Isabirye." Mliikuta bado iko pale, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama ni tuzo. Sikukanusha.

Vifaa vyangu mnavijua: bisibisi ya ncha ya sumaku, tester ya kupimia umeme, brashi ya rangi ya kufagilia vumbi, na kibanio cha nyusi nilichomchukulia Mama Waiswa, mke wangu, mwanzoni mwa ndoa. Mpaka leo hajakoma kukiulizia. Namwambia kimetengeneza kompyuta nyingi sana. Ananijibu kwamba nyusi zake hazijatengeneza hata moja.

Kisha zikaja bodi ndogo. Ya kwanza ilifika ndani ya boksi ambalo nilidhani ni la viatu vya mtoto. Sentimita kumi na saba kila upande, yaani haijazi hata shubiri yangu, na mimi si mtu mrefu. Nikamwambia Bwana Harjit kwamba wametuletea sampuli, bodi yenyewe itafuata. Akanitazama, akatazama na ile ya ukutani, akarudi kwenye kazi yake.

Niliidharau kwa muda mrefu kiasi cha kunitia hasara ya heshima. Nilinunua feni kubwa ya kupoza, ikafunika bodi nzima pamoja na nafasi za kuchomekea kumbukumbu, yaani RAM. Nikaleta kadi ndefu ya picha, ikatokeza nje ya kasha kama miguu ya mgonjwa kwenye kitanda kifupi. Nilikuwa nafanya kama mtu anayehama kutoka bangala la enzi za ukoloni na kuingia chumba kimoja, halafu anashangaa kwa nini makochi yote manane hayaingii. Siku nilipokubali kwamba ni chumba kimoja, nikaielewa. Na nani anayeelewa chumba kimoja kuliko mimi? Kila kitu kiko kwa kunyoosha mkono. Sauti, mtandao, picha, vyote vimeshaungwa humohumo. Nafasi ya kadi ni moja, basi usilete kadi mbili. Kumbukumbu ni zile fupi za laptop, na processor nyingine, yaani ubongo wenyewe, zimelehemiwa kabisa kwenye bodi, haziondoki nyumbani. Hizo nilizipenda kama ndugu.

Tatizo lilikuwa watu. Mwalimu mkuu mmoja wa kule Budondo alipoletewa kompyuta yenye ukubwa wa Biblia aliizunguka mara mbili, akauliza, "Na nusu nyingine inakuja lini?" Nikamweleza. Akasema yeye anaelewa, ila wazazi hawataelewa, na siku ya wazazi imekaribia. Basi nikachukua kasha kubwa la zamani. Matundu manne ya bodi ndogo yameachwa kwa kipimo kilekile cha kasha kubwa, na huo ni werevu wa waliozitengeneza ambao napenda mjue. Nikaifunga kwenye kona, ikakaa mle ndani kama mgeni aliyewahi harusini. Wazazi walipiga makofi. Mzazi mmoja alilibeba kasha akasema, "Nyepesi! Teknolojia imeendelea."

Lakini kazi niliyotaka kuwasimulia ni ya Mbale. Mimi Mbale sikuwa nataka kwenda. Si kwa ubaya wa Mbale, ni kwa sababu haiko Mafubira.

Kule Namatala, mtaa mmoja wa Mbale, kulikuwa na mama mmoja, Nambozo, askari jela mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Afande, na hata kuku wake walitembea kwa mstari. Baada ya kustaafu alipewa na mwenyekiti wa mtaa kazi ya kutangaza kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mlingoti nyuma ya nyumba yake. Mnajua mambo hayo: mtoto amepotea, mbuzi ameonekana, chanjo ni kesho, na hasa misiba. Namatala watu wamebanana, wanatoka milimani na kila upande, na simu si kila mtu anayo ya kuaminika. Usiposikia kipaza sauti, unaweza kukosa kumzika shemeji yako.

Umeme ulikuwa ukikatika, kwa hiyo alihitaji mashine ya kutumia betri ya sola. Hapo ndipo bodi ndogo inapoiacha mbali kubwa. Ile niliyomfungia ilikunywa volti kumi na mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila kibadilishaji cha umeme, na kwa kiasi kidogo, kama taa. Haikuwa na feni. Joto lake lilipandia kwenye kasha la alumini lenye mapezi juu, likapotea hewani kimyakimya. Maikrofoni, nyimbo za asubuhi, matangazo aliyoyarekodi, vyote vilipita humo kwenda kwenye amplifaya. Siku nilipoifunga nilimpa hotuba. Nilipenda sana kutoa hotuba.

"Afande," nikamwambia, "adui wa hii kitu ni vumbi. Itunze kama mtoto mchanga."

"Fundi," akajibu, "mimi nimetunza watu wabaya kuliko hii."

Haukupita muda akapiga simu. Mashine inazimika yenyewe katikati ya maneno. Nilikwenda, nikaipima mchana kutwa. Haikuzimika. Nikabadilisha waya wa umeme ili nisionekane nimekuja kula tu, nikarudi Jinja. Akapiga tena. Nikaenda na kumbukumbu mpya, nikabadilisha, nikalitazama joto lake kwenye skrini: mashine baridi, imetulia kama mtakatifu. Nikarudi. Akapiga tena.

"Inakuogopa wewe," akasema. "Ukiingia, inasimama wima. Ukitoka, inaanza. Nimeona wafungwa wa namna hiyo."

Safari hiyo lakini sauti yake haikuwa ya mzaha. Alikuwa anatangaza msiba wa mzee mmoja. Alifika pale kwenye "mazishi ni kesho saa nane, nyumbani kwake kule," na vipaza sauti vikanyamaza. Kule wapi? Marehemu alikuwa wa kijiji cha juu mlimani, lakini mjini palikuwa na mzee mwingine wa jina lilelile. Waombolezaji wakaenda kwake na kuni na ndizi, wakilia tangu barabarani, na mlango wakafunguliwa na marehemu mwenyewe. Aliwapa viti. Angefanya nini?

Mwenyekiti Gidudu hakucheka. Alimwambia Afande wazi: ikizimika tena kabla ya Jumamosi, au mbele yake siku hiyo ya Jumamosi atakapokuja kuijaribu, vipaza sauti vinahamia kwa kijana wa karibu na soko, mwenye kompyuta kubwa na jenereta.

"Njoo ukae," Afande aliniambia. "Kaa hapa mpaka uione ikifa. Bila hii maiki, fundi, mimi ni bibi wa kufuga kuku tu. Asubuhi nitaamka nimwamrishe nani?"

Kukaa! Nilimweleza Mama Waiswa nikitumaini atakataa. Alikuwa ameshatoa begi.

"Baba Waiswa, ni Mbale, si mwezini."

"Kitanda cha watu sikizoei."

"Beba mto wako."

Nikabeba mto. Mcheke mmalize, nitasubiri.

Nilifika Alhamisi. Afande alinipokea kama daktari. Chumba cha mashine kimefagiwa, mashine iko mezani inang'aa, kiti kimewekwa mbele yake. Nikawasha, nikakaa, nikaitazama. Alitangaza mbuzi, akatangaza chanjo, akapiga nyimbo za kanisani. Mashine haikukohoa. Jioni alinilisha malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa na karanga, ambayo nilikuwa nimeapa sitakula. Nilikula mpaka akaacha kunikaribisha.

Ijumaa ikawa vilevile. Nikaanza kuishutumu betri, nikaipima. Nikazishutumu paneli, nikapanda juu ya bati na kuzifuta, nikashuka kwa woga mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wakinihesabia ngazi kwa sauti. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya bodi, nikasoma kila mstari kama anayesoma wosia akitafuta jina lake. Hakuna. Moyoni nikaanza kuamini kwamba kweli ilikuwa inaniogopa, na nakiri nilijisikia vizuri kidogo. Nyumbani hakuna kinachoniogopa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumamosi asubuhi Afande hakunipa jembe, alinipa ungo wa karanga nimenye, akaniambia nikae nje kwenye kivuli cha ukuta nisimwage maganda ndani. Hakuniita tena daktari. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa mle. Niliingia kuchukua bakuli, nikaona mashine imevishwa.

Nyumba zetu mnazijua. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, meza ina kitambaa na thermosi iliyo juu ya meza ina cha kwake. Kitu cha thamani kinavaa. Mashine ilikuwa imevaa kitambaa cha kufuma kwa mkono, rangi ya waridi na kijani, chenye maua pembeni. Nikasimama nikakitazama.

"Afande, umefuma wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kazi nzuri. Hizi rangi zimekutana."

Nikachukua bakuli, nikarudi kumenya karanga. Naomba msome tena hayo maneno. Nilitumwa kutafuta kinachoiua mashine, nikakiona kimeilalia juu, nikakisifia rangi.

Sikuwa nimefika nusu ya ungo wimbo wa kanisani ukakatika katikati ya haleluya. Afande akatoka mlangoni, mkono kifuani. "Imekufa," akasema. "Na Gidudu yuko njiani."

Nikaingia, nikatua bakuli la karanga mezani, nikaweka kiganja juu ya kile kitambaa na kuurudisha mkono upesi. Ilikuwa kama nimeshika sufuria. Nikakivua kitambaa, nikakigeuza. Kufuma kuna matundu, na Afande alikumbuka hotuba yangu ya vumbi, kwa hiyo kwa ndani alikitia bitana ya blanketi. Blanketi la jela, lile la kijivu. Mtoto mchanga, nilimwambia. Na mtoto mchanga Mbale, chini ya mlima, unamfanyaje kama si kumfunika? Mapezi yote ya alumini yalikuwa yamelala ndani ya blanketi, na bodi ikifika joto la kuungua hujizima yenyewe ili isife. Haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inajiokoa. Na kila nilipotoka Jinja kuja kuipima, yeye alikuwa akiivua, akakunja kitambaa na kukiweka kabatini, kwa sababu daktari hapimi mgonjwa aliyevaa koti. Kuniambia? Kwani wewe humwambia fundi wa gari kwamba lilikuwa chafu, umelipitisha maji?

Afande alisoma uso wangu. Alitazama kitambaa mkononi mwangu, akatazama mashine, na mama yule ambaye hajawahi kukaa bila kuambiwa akae, akakaa.

"Ni mimi," akasema polepole.

Mwenyekiti Gidudu alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi, anatazama saa yake. "Nimesikia wimbo umekatika tangu kule darajani," akasema. "Kwa hiyo tumeelewana, Afande."

Nikamtazama Afande. Nikaficha kitambaa nyuma yangu, nikasema, "Mwenyekiti, kosa ni la fundi. Mimi nililegeza waya. Nimeukaza sasa."

"Wewe fundi umekaa hapa siku tatu kulegeza waya?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Mimi ni mpole kazini."

Afande alikuwa ananitazama kwa namna ambayo nadhani wafungwa wengi waliijua. Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Mashine, ikiwa imepata hewa, ikawaka taratibu kama inavyopaswa. Akavuta maikrofoni, akaipuliza mara mbili, na Namatala yote ikapulizwa.

"Halo, halo. Wananchi, hapa ni Afande Nambozo. Kuna matangazo mawili. La kwanza ni msiba." Akasoma jina la mama mmoja aliyefariki usiku ule, akasoma watoto wake, akasoma mazishi, kesho saa nane, na akataja kijiji, kanisa na upande wa kupandia, mpaka mwisho. Mwenyekiti alikuwa bado anatazama saa.

"La pili. Mashine hii imekuwa ikizimika. Watu wamelia kwa mtu aliye hai. Huyu fundi ametoka Jinja na mto wake wa kulalia, amekaa kwangu, amemaliza malewa, na sasa hivi hapa amemdanganya mwenyekiti eti kosa ni lake. Mimi nimelinda wafungwa miaka na miaka. Mtu anayekiri haraka hivyo hajafanya kitu. Aliyefanya ni mimi. Nilivalisha mashine blanketi, ikakosa pumzi. Fundi naye aliliona akalisifia rangi. Kwa hiyo wajinga tuko wawili, lakini wa mashine ni mmoja, ni mimi, na nimelitoa."

Akashusha pumzi. Mwenyekiti Gidudu alikuwa ameacha kutazama saa. Alivuta kiti changu, akaketi, akaanza kula karanga zangu zilizomenywa, na hapo nikajua vipaza sauti haviendi sokoni.

Nikadhani imekwisha. Nilikuwa nimesahau kwamba kwenye vipaza sauti tangazo halisomwi mara moja. Husomwa mara tatu, aliyekuwa kisimani asikie, na aliyekuwa amelala naye asikie.

"Narudia," akasema Afande.

Alirudia vyote viwili, malewa na mto vikiwemo. Nje watoto waliohesabu ngazi zangu walikuwa wameanza kusema naye. Aliposhika maikrofoni kwa mara ya tatu nilikuwa nimelaza kiganja juu ya mapezi ya mashine, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote niliiomba kimoyomoyo, tafadhali, zimika. Ilikuwa baridi kama mtungi. Ilikwenda mpaka neno la mwisho.